Ucheshi katika Nyumba ya Kambo

Katika fani zote za utungaji wa riwaya, ile ninayoistahi kuliko nyinginezo, na ambayo aghalabu haitajwi katika mabaraza ya wasomi ila mwishoni, wakati watu wamekwisha kuinuka, ni fani ya mtunzi awezaye kumchekesha msomaji kwa jambo ambalo, lau lingesimuliwa na mtu mwingine, lingemliza. Na katika mambo ya namna hiyo silijui lililo gumu kuliko habari ya baba wa kambo anayemtafuta mwana aliyemlea kisha wakafarakana. Baba wa damu akikosana na mwanawe hakosi hoja: ana ukoo, ana jina alilompa mtoto alipozaliwa, ana wazee watakaomkalisha kijana kitako na kumkumbusha haki ya mzazi. Baba wa kambo hana hata moja katika hayo. Aliingia nyumbani kwa ajili ya mama, na mama akifariki, au akiachika, au akizeeka asiweze tena kusuluhisha, watu wawili waliokula sahani moja miaka mingi hushika kila mmoja njia yake, pasi na sheria ya kuwalazimisha kujuliana hali wala mila ya kuwakataza kusahauliana. Kilichobaki baina yao, kama kipo, ni hiari tupu. Na kicheko ni katika vitu vichache ambavyo mwanadamu hatoi ila kwa hiari yake. Salamu hutolewa kwa adabu, shukrani kwa kuona haya, hata machozi kwa fimbo. Lakini hakuna awezaye kuamrishwa acheke kweli, na kwa hiyo mtunzi akifaulu kuwachekesha pamoja wawili hao, amethibitisha jambo ambalo kurasa mia za majuto na kuombana radhi zisingelithibitisha.

Nayasema haya nikiwa Bunia, katika Ituri, ambako nyumba ya kambo si jambo la nadra. Vita vilivyowaka mwaka 1999 na kuendelea hadi 2003 viliwatawanya watu wa nchi hii pande zote, na mwezi wa Mei wa mwaka huo wa mwisho maelfu ya wakazi wa mji walikwenda kujibanza kando ya kambi ya Umoja wa Mataifa, hata likaja jeshi la Umoja wa Ulaya mwezi wa Juni, nalo likaondoka Septemba. Kisha, mwishoni mwa mwaka 2017, machafuko yakarejea upande wa Djugu, na watu chungu nzima wakavuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kwenda Uganda. Baada ya mambo kama hayo wajane huolewa na wagane, kila mmoja huja na watoto wake na wakati mwingine na wa marehemu nduguye, na ukiingia katika ua mmoja wa Mudzipela au wa Nyakasanza, ukauliza nani ni mwana wa nani, utajibiwa kwa maelezo marefu. Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyotolewa The Hague tarehe 14 Machi 2012, iliwahusu watoto wa Ituri, walio chini ya umri wa miaka 15, walioingizwa katika safu za wapiganaji mwaka 2002 na 2003. Mahakama ilisema yaliyo juu ya mahakama kusema. Haikuwa kazi yake kueleza yaliyotokea siku kijana mmoja katika hao alipofika kwa mama yake, akakuta viatu vya mwanamume asiyemjua vimepangwa mlangoni, na mwenye viatu akatoka, akasimama, asijue ampe mkono au ampishe njia.

Kueleza hayo ni kazi ya riwaya. Nami nadai kwamba riwaya hiyo yafaa kuwa ya kuchekesha, ingawa najua wako watakaoona kuwa ni kukosa heshima mbele ya misiba. Ngano zetu, pwani na bara, zimemzoea mama wa kambo aliye adui, mwenye kuficha chakula na kumtuma yatima mtoni usiku. Sura hiyo ni sahali kwa msimulizi, maana msikilizaji amekwisha kuchagua upande kabla hadithi haijaanza. Watunzi wetu wa riwaya nao, wakigusa habari ya mzazi na mwana waliopoteana, hupenda njia ya simanzi: Ken Walibora, katika Siku Njema ya mwaka 1996, alimpitisha Msanifu Kombo katika dhiki nyingi, kutoka Tanga mpaka Kitale, akimtafuta baba yake, na ni riwaya ninayoipenda kwa dhati. Lakini Shaaban Robert alikwisha kuonyesha, mwaka 1952, kwamba farakano la ndugu laweza kubeba kitu kingine. Adili na Nduguze ni hekaya iliyotoka katika Alfu Lela u Lela, na katika asili yake ndugu wawili wahasidi waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert akawafanya manyani. Nalihesabu badiliko hilo kuwa la fundi mkubwa. Mbwa anayepigwa hutia huruma na basi, bali nyani ana uso unaoukaribia wetu, na mwenyeji anayeamka usiku kuwachapa manyani wake kisha akawabembeleza na kuwalisha kwa taadhima anamweka msomaji mahali pa ajabu, kati ya kicheko na kitisho, ambapo ndipo hasa udugu uliovunjika hukaa.

Sasa tutazame kwa nini baba wa kambo ni mtu wa kuchekesha kwa hali yake, wala si kwa upungufu wa akili yake. Mila za nchi zetu zimepanga kwa hikima nyingi nani amtanie nani. Babu na mjukuu hutaniana, shemeji hutaniana, Wanyamwezi na Wazaramo hutaniana hata penye mazishi, na ole wake mfiwa atakayekasirika. Baba na mwana hawataniani: baina yao ni staha, na staha hiyo ina malipo yake, yaani amri upande mmoja na urithi upande wa pili. Baba wa kambo amewekwa katika kiti cha staha bila ya malipo hayo. Akiamrisha, ataulizwa yeye ni nani. Akitania, amejivunjia heshima asiyopewa na mtu. Akinyamaza, ataambiwa hampendi mtoto. Kila analolitenda lina namna ya kwenda mrama, naye hulitenda kwa nia safi kabisa, kwa uangalifu mwingi kupita kiasi, na uangalifu uliopita kiasi ni chemchemi ya ucheshi ambayo haijapata kukauka.

Dickens aliijua chemchemi hiyo. Katika Great Expectations, iliyotoka kwa mafungu gazetini mwaka 1860 na 1861, yumo mhunzi Joe, ambaye si baba wa Pip wala si baba wa kambo kwa maana ya sheria, maana amemwoa dada yake tu, lakini ndiye aliyemlea. Pip anapata fedha, anakwenda London kuwa muungwana, anaanza kumwonea haya mlezi wake. Na siku Joe anapokuja kumtazama, katika nguo zake za kanisani zinazombana, mtunzi hatuelezi kwamba moyo wa Joe umejaa hofu. Anampa kofia. Joe hajui aiweke wapi, anaikataza isichukuliwe na mtu, anaitia ukingoni mwa rafu ya jiko, nayo inaanguka. Anaidaka, anairudisha, inaanguka tena, na katikati ya mazungumzo ya chai Joe anaruka huku na huko kuiokoa, ilhali mara amwite Pip kwa jina lake, mara amwite bwana. Msomaji anacheka, na Pip aliyeketi pale hacheki bali anakasirika. Na hapo ndipo fundi anapoonyesha mkono wake, kwa sababu dakika chache baadaye, Joe anapoinuka kwenda zake na kusema maneno machache yenye utulivu, tunafahamu kwamba aliyaona yote, na aibu inahama kutoka kwake na kumwangukia kijana, nasi tuliocheka tunaipata sehemu yetu. Kofia ile ilifanya kazi ambayo hotuba isingeiweza.

Nimewaza mara nyingi jinsi ya kupata kofia ya namna hiyo katika nchi yetu. Tuseme mtunzi wetu anamchukua fundi wa cherehani wa soko la Bunia, mtu wa makamo, aliyemlea mwana wa mkewe tangu utoto, na mwana yule akaondoka kwa hasira akiwa na umri wa miaka 12 au 13, na baada ya mambo mengi sasa anatengeneza mashine za mitumbwi huko Kasenyi, ziwani. Mke amefariki. Fundi anaazimia kushuka kumwona, na kwa kuwa hajui la kusema, anamshonea suruali. Anaishona kwa kitambaa kizuri kuliko vyote dukani, kwa vipimo anavyovikumbuka kichwani, kiuno na paja na mguu, maana hajapata kuvisahau. Anapanda pikipiki, anapita Bogoro, anateremka ule mteremko mrefu kuelekea ziwani, kifurushi amekikumbatia kifuani, akifanya mazoezi ya hotuba masikioni mwa dereva, ambaye anaanza kumrekebisha. Anapofika anamkuta mwanamume wa miaka 30, mwenye ndevu na mafuta ya mashine mpaka viwikoni, na suruali, ikifunguliwa mbele ya wavuvi wote, inamfika magotini.

Hapa ndipo ufundi unapojaribiwa. Mtunzi mchanga atawaacha wavuvi wacheke kurasa tatu, na kwa kufanya hivyo atakuwa amemtupa mzee wa watu kwa umati. Au, kwa kuogopa dhihaka, atamfanya kijana alie papo hapo, kwa kuwa ameona katika vipimo vile kwamba hakusahauliwa. Maana hiyo ni ya kweli, lakini mtunzi hana ruhusa ya kuitamka, kwa sababu msomaji amekwisha kuiona, na akielezwa ataona ametukanwa. Fundi wa kweli atampa mzee neno la kazi. Mzee atakasirika, si kwa aibu, bali kwa fani yake: atatoa utepe wa kupimia mfukoni, atampima kijana pale pale mbele ya watu, atamwambia asimame wima kama alivyokuwa akimwambia zamani, na kijana, kabla hajakumbuka kwamba wamekosana, atakuwa amekwisha kusimama wima. Kisha atie mkono katika mfuko wa suruali ile isiyomfaa, aukute umeshonwa mara mbili, kwa uzi mnene, kwa kuwa enzi zile kila alipotumwa chumvi alirudi bila ya chenji, na akiulizwa alisingizia tundu. Akicheka hapo, kicheko chake ni chake mwenyewe. Hakuchekeshwa na wavuvi wala na mtunzi.

Kazi kama hiyo yataka sikio kabla ya kutaka kalamu. Katika Lubumbashi, kundi la Mufwankolo liliwachekesha watu miaka mingi, redioni na katika televisheni, kwa Kiswahili cha mitaa ya mji ule, na michezo yao haikuandikwa neno kwa neno: waigizaji walipatana juu ya kisa na mpango wake, kisha kila mmoja akasema kama ambavyo mtu wa hali yake angesema. Mke aliyedhulumiwa hakuzungumza kama mtunzi. Chifu hakuzungumza kama kitabu. Nimetamani mara nyingi waandishi wa riwaya wajifunze kwao, na hasa vijana wetu wa Ituri, ambao shule imewafundisha kuandika kwa Kifaransa, na ambao wakigeukia Kiswahili hudhani kwamba ni lazima kila mhusika aseme kwa ufasaha wa Unguja. Msimulizi na awe na ufasaha wake wote, kwa sababu utaratibu wa sentensi ndefu humpa msomaji subira, na subira ni nusu ya ucheshi. Walakini dereva wa pikipiki wa Bunia aachwe aseme kama dereva wa Bunia, na mzee naye, ambaye amejitayarisha kusema kwa Kiswahili cha mimbarini, ateleze kidogo kidogo mpaka awe anazungumza kama alivyokuwa akizungumza nyumbani wakati kijana yule alipokuwa mdogo. Msomaji wa hapa ataona mteremko huo wa lugha kabla kijana hajauona.

Yamebaki mambo ya mwisho wa riwaya, nami nina rai iliyo imara juu yake. Sitaki kumbatio, wala sitaki kijana aanze ghafla kumwita mzee kwa jina la uzazi alilomnyima tangu utotoni, kwa sababu kule ni kumlipa mzee deni ambalo riwaya nzima imetufundisha kwamba hakulidai. Ningependa warudi pamoja Bunia siku moja, kwa shughuli isiyo na uzito, pengine kununua kipuri, na wapande lori lililojaa samaki, na wagombane na mwenye lori juu ya nauli. Mzee ataje bei moja, kijana ataje nyingine, kila mmoja amkatize mwenzake akidhani anamsaidia, hata mwenye lori achoke nao na kuwauliza kwa ukali ni nani hasa mwenye kulipa, nao wote wawili, kwa sauti moja na kwa hamaki, wajibu kwamba ni yeye. Kitabu kiishie kwenye nauli hiyo.