Uhakiki wa Istilahi: "Kumbukumbu ya Mmweko"

Miongoni mwa istilahi za elektroniki zilizoletwa mezani petu imo "kumbukumbu ya mmweko". Inakusudiwa kutaja chipu ambamo huhifadhiwa programu ya ndani ya chombo, yaani yale maagizo yanayokiamsha chombo kinapowashwa, kiwe redio, mita ya umeme au kompyuta. Neno ni la Kiswahili, nalo lasikika vizuri. Hata hivyo hatuwezi kulipendekeza, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, mmweko kwetu ni mwanga, kama ule wa radi. Msomaji atadhani chipu hii hufanya kazi kwa mwanga. Chipu inayohitaji mwanga ipo kweli, lakini ni nyingine. Ile aliyoivumbua Dov Frohman katika kampuni ya Intel mwaka 1971 ilikuwa na kidirisha, nayo ilifutwa kwa kumulikwa mionzi ya urujuanimno. Chipu tunayoizungumzia hufutwa kwa umeme. Hivyo istilahi hii yampa mdogo jina linalomfaa kaka yake.

Pili, jina la asili lilikuwa la mfano tu. Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba aliitangaza chipu hii mwaka 1984. Mwenzake, Shoji Ariizumi, ndiye aliyependekeza jina, kwa kuwa kule kufutika kwa mara moja kulimkumbusha taa ya kamera. Kilicholengwa ni ule umoja wa tendo. Mfasiri ameitafsiri picha, maana ameiacha.

Wala hili si jambo la maneno matupu. Katika chipu hizi herufi moja haifutwi peke yake. Hufutwa fungu zima, ambalo katika chipu nyingi huwa la kilobaiti 4 au 64, ndipo liandikwe upya. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hupotea hata yale ambayo fundi hakukusudia kuyabadili, na chombo chaweza kukataa kuamka. Mwalimu aliyeelewa habari ya fungu ataweza kulieleza onyo la "usizime umeme". Aliyefundishwa habari ya mwanga atalikariri tu.

Baadhi ya wafasiri hutumia "kumbukumbu ya kusoma tu". Hiyo ni mbaya zaidi, maana humhakikishia fundi kwamba kilichomo hakiwezi kufutika.

Tunavyoona sisi, yafaa kukubali "kumbukumbu ya flashi". Watu wamekwisha kulizoea neno flashi kwa kile kidude cha kubebea majalada ya kompyuta, na ndani yake mna chipu za ukoo huu huu. Fasili yake iwe: kumbukumbu isiyopotea umeme uzimwapo, ifutwayo kwa umeme fungu kwa fungu. Kukopa si aibu. Kalamu na meza vilikuja kwa mkopo, navyo leo ni vyetu. Neno geni lingojalo kufafanuliwa ni afadhali kuliko neno la nyumbani lenye kupotosha.