Breki Iliyogoma: Tafuta Kizuizi Kabla ya Kutoa Upepo

Kwenye gereji nyingi, breki ikisumbua tiba ya kwanza ni kutoa upepo: mmoja anakanyaga pedeli, mwenzake yuko chini ya gari na spana. Tiba hiyo ni sahihi ikiwa kweli upepo umeingia. Upepo hubanika, mafuta hayabaniki. Ndiyo maana pedeli yenye upepo huwa laini, kisha hupanda ikikanyagwa mfululizo. Lakini gurudumu moja likikataa kutoa hata tone, au likibaki limeshikwa baada ya mguu kuondoka, hapo pa kuchunguza ni njia ya mafuta. Kizuizi hupatikana kwa kuifuata njia hiyo kiungo kwa kiungo. Kuongeza nguvu ya mguu hakusaidii, tena kunaweza kuharibu: kwenye gari la zamani, pedeli ikizamishwa hadi sakafuni, mipira ya masta silinda hupita sehemu yenye kutu ambayo haijawahi kuifikia, ikachanika.

Gurudumu lisilotoa mafuta lichunguzwe kuanzia mwisho wa njia. Nati ya kutolea upepo ifunguliwe yote, maana tundu lake ni dogo na huziba kwa vumbi na kutu. Pedeli ikikanyagwa taratibu na mafuta yakatoka kwenye tundu la kalipa, nati ndiyo iliyoziba. Yasipotoka, fungua hosipaipu inapoingia kwenye kalipa, halafu inapoungana na paipu ya chuma, na kuendelea hivyo kuelekea masta silinda. Kizuizi kiko kati ya kiungo cha mwisho kilichokuwa kikavu na cha kwanza kilichotoa mafuta. Kwa gurudumu lililoshikwa, legeza nati ya kalipa: likibaki limeshikwa, pistoni au pini za kalipa zimekwama. Likiachia, shinikizo lilikuwa limenaswa. Safari nyingine likishika, legeza kiungo cha hosipaipu na paipu ya chuma. Likiendelea kushika, hosipaipu imekufa, na likiachia, ubovu uko juu zaidi.

Wengi hawakubali kwamba hosipaipu ni mbovu, kwa sababu kwa nje inaonekana nzima. Ubovu wake huanzia ndani: mpira huvimba au kuchanika, kipande kikasimama kama vali. Nguvu ya mguu huyasukuma mafuta yapite, lakini nguvu ya kuyarudisha ni ndogo mno, hivyo pedi hubaki zikisugua diski. Wapo wanaoizibua kwa waya au kwa kompresa. Upepo kupita hakuthibitishi uzima, kwani kipande kilichochanika bado kimo ndani, na waya huzidi kuuchana mpira. Hosipaipu hiyo haina matengenezo. Hubadilishwa, na ni busara kubadilisha ya kushoto na ya kulia kwa pamoja.

Yako mapingamizi mawili yenye uzito. La kwanza, dalili zinaweza kudanganya. Ni kweli: baadhi ya pikapu zina vali ya mzigo juu ya ekseli ya nyuma, na gari likiinuliwa magurudumu yakaning'inia, vali hiyo hupunguza mafuta ya nyuma hata kama paipu ni nzima. Kwa hiyo inua ekseli yenyewe, uweke stendi imara, kabla ya kuhukumu. La pili, breki si kazi ya nyumbani. Nakubali kwa upande wa matengenezo: baadhi ya mifumo ya ABS huhitaji mashine ya uchunguzi ili upepo utoke wote. Lakini mwenye gari anayejua kizuizi kiko wapi hatauziwa kalipa wakati kilichokufa ni hosipaipu.

Chanzo kikubwa cha kutu ndani ya njia hii ni mafuta ya breki yaliyochakaa. DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevunyevu wa hewa. DOT 3 mpya huchemka si chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango kinachokubalika ni nyuzi 140 tu. Kwenye mteremko mkali kama wa Kitonga, ambako breki hupata moto sana, tofauti hiyo inaweza kugharimu maisha. Badilisha mafuta kila baada ya miaka miwili hivi, usiwahi kuweka oili ya injini kwenye kikombe cha breki, na gari usilitoe barabarani hadi pedeli iwe ngumu na kila gurudumu lizunguke bila kushikwa.