Picha ya Andromeda na Tafsiri Yake

Kazi ya elimu hupimwa kwa mizani mbili: moja hupima jinsi ilivyofanywa, ya pili hupima jinsi ilivyoelezwa. Mara nyingi mizani hizo hukubaliana. Katika picha ya Andromeda iliyopigwa na Isaac Roberts mwaka 1888 zilitofautiana sana, na tofauti hiyo ina faida kwa kila apigaye picha za mbingu nyumbani kwake hata leo.

Roberts hakuwa mwalimu wa elimu ya falaki, wala hakupokea mshahara kwa kutazama nyota. Alizaliwa Wales mwaka 1829, akapata mali kwa kazi ya ujenzi, kisha akajenga nyumba ya darubini kwenye makazi yake huko Maghull, karibu na Liverpool. Darubini yake ilikuwa na kioo cha upana wa inchi 20, kazi ya Howard Grubb wa Dublin. Darubini nyingine ndogo, ya lenzi ya inchi 7, iliambatanishwa nayo ili mtazamaji aikazie macho nyota moja na kuusahihisha mwendo, huku bamba la picha likipokea nuru. Dunia haiachi kuzunguka. Chombo kisichofuatana na mbingu hugeuza kila nyota kuwa mstari.

Ubora wa picha hiyo hauna shaka. Abd al-Rahman al-Sufi aliitaja Andromeda mwaka 964 kuwa ni wingu dogo. Mwaka 1847 George Bond, kwa darubini kubwa ya Harvard, aliona humo milia miwili myeusi, akaichora kama mistari iliyonyooka. Bamba la Roberts lilionyesha kwamba milia hiyo ni sehemu ya nafasi za giza kati ya mapete ya nuru yazungukayo kitovu kimoja. Jicho huchoka, na mkono wa mchoraji hufuata dhana yake. Bamba halichoki wala halina dhana. Yaliyofichika tangu zamani yalifunuliwa katika bustani ya mjenzi.

Upungufu ulikuja baada ya picha, katika maneno. Roberts aliona humo jua jipya likiumbwa kwa wingu la mvuke, na mawingu mawili madogo yaliyo kando akayafikiri kuwa sayari zinazoanza kujikusanya. Tafsiri hiyo ilipendeza, maana ililingana na nadharia iliyopendwa wakati ule. Walakini haikuwa kweli. Mwaka 1923 Edwin Hubble, akilinganisha mabamba ya Mount Wilson ya nyakati mbalimbali, aligundua ndani ya Andromeda nyota inayozidi na kupungua mwanga kwa kipimo maalumu. Kwa nyota hiyo umbali ulipimika, na leo huhesabiwa kuwa miaka ya nuru karibu 2,500,000. Kilichodhaniwa kuwa jua moja changa ni galaksi nzima, na zile sayari mbili ni galaksi ndogo.

Huenda ikasemwa kwamba si haki kumlaumu mtu kwa kukosa kipimo ambacho hakikuwapo. Hoja hiyo ni ya kweli, na Roberts halaumiwi kwa kutojua. Lawama, ikiwa ipo, ni ya kuliomba bamba ushahidi ambao halikuwa nao. Picha ina urefu na upana, kina haina. Kilicho karibu na kilicho mbali hulala juu yake bega kwa bega.

Mfano wa karibu wathibitisha jambo hilo. Mwaka 2023 Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty, wapiga picha wa ridhaa, walitangaza tao kubwa la nuru ya oksijeni kando ya Andromeda. Nuru hiyo ni hafifu mno, hata ilihitaji kukusanywa kwa saa zaidi ya 20 kupitia kichujio, kisha ikakuzwa kwa kompyuta. Picha yao ilistahili sifa iliyopata. Baadhi ya watu walifikiri kwamba huenda tao hilo ni jirani wa Andromeda. Tafiti za baadaye zimeelekea kuliweka karibu zaidi, ndani ya galaksi yetu wenyewe. Roberts alikidhania cha mbali kuwa karibu. Hapa cha karibu kilidhaniwa kuwa mbali. Makosa ni kinyume, chanzo chake ni kimoja.

Pamoja na hayo, Roberts alifanya jambo lililoiokoa kazi yake na tafsiri yake mwenyewe. Mwaka 1893 alizitoa picha zake katika kitabu, pamoja na tarehe na vipimo, ili waliokuja nyuma walinganishe. Kwa hiyo maneno yake yalipoanguka, picha haikuanguka nayo. Mpiga picha wa mbingu hujenga sifa yake kwa uaminifu huo: kuonyesha kilichopokewa, kueleza kilichoongezwa, na kuuachia wakati nafasi ya kusahihisha kilichodhaniwa.