Laptopu ya VGA kwenye Runinga ya HDMI: Kazi Iliyofanyika Kombewa

Kikundi cha wafugaji wa kuku hapa Kombewa, Seme, kilitaka kutazama video za mafunzo na kurasa za hesabu zake kwenye skrini kubwa. Laptopu yao ya mitumba ina tundu la VGA tu. Runinga yao mpya ina HDMI tu. Walikuwa wamenunua kebo yenye VGA upande mmoja na HDMI upande wa pili. Skrini ikabaki nyeusi.

Tatizo halikuwa umbo la tundu. VGA ililetwa na IBM mwaka 1987, enzi za skrini za kioo kizito. Hupeleka nyekundu, kijani na buluu kama volteji inayopanda na kushuka, yaani kwa analogi, na haibebi sauti. HDMI, ya mwaka 2002, hupeleka picha na sauti kwa tarakimu za sifuri na moja, yaani kwa dijitali. Wakenya waliiona tofauti hii mwaka 2015, mitambo ya analogi ilipozimwa na runinga za zamani zikahitaji king'amuzi. Kebo tupu haina chochote ndani cha kufasiri mawimbi, kwa hiyo haiwezi kufanya kazi hii.

Kilichohitajika ni kigeuzi chenye chipu, na hapa ndipo wengi hupotelea. Vigeuzi viko vya aina mbili na vinafanana sana: cha HDMI kwenda VGA na cha VGA kwenda HDMI. Kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake. Tulichohitaji kina plagi ya VGA ya kuchomekwa kwenye laptopu, tundu la kupokea kebo ya HDMI, waya wa USB wa kukipa umeme wa volti 5, na waya mwembamba wa sauti unaoingia pale pa visikilizio.

Tuliunganisha vyote, tukachagua kwenye rimoti tundu la HDMI lililotumika, kisha tukabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P ili picha ionekane kwenye skrini zote mbili. Tulianza na ukubwa wa 1280 kwa 720, ambao runinga za HDMI huupokea, ndipo tukapanda hadi 1920 kwa 1080. Video zilitoka safi. Herufi ndogo zilififia kidogo, kwa sababu picha hupita kwenye analogi kabla ya kurudishwa kuwa dijitali, tukazikuza.

Kabla ya kutoa pesa, kagua laptopu pande zote: ikiwa na HDMI, kebo ya kawaida inatosha. Kagua na nyuma ya runinga, kwani baadhi bado zina tundu la VGA lililoandikwa PC. Kama unataka video tu, flashi iliyochomekwa kwenye runinga huenda ikakutosha.

Ukilazimika kununua kigeuzi, mwambie muuzaji kwanza kifaa kinachotoa picha, kisha kinachopokea, na uombe kijaribiwe mbele yako. Nauli ya kurudi Kisumu kubadilisha kifaa kisichofaa ni hasara inayoepukika.