Kiswahili, Ukimbizi na Ardhi ya Rongai katika Filamu ya Nirgendwo in Afrika

Filamu ya Kijerumani Nirgendwo in Afrika, iliyoongozwa na Caroline Link, ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Ujerumani mwishoni mwa mwaka 2001. Mwaka 2003 ilipata tuzo ya Oscar katika kitengo cha filamu za lugha za kigeni. Ni rahisi kuitazama kama kisa cha Wayahudi walionusurika, na mtazamo huo ni halali. Hata hivyo, haujibu swali linalomhusu mhakiki wa Kiswahili: katika filamu ambayo wahusika wake huzungumza Kijerumani, Kiingereza na Kiswahili, Kiswahili kimetwikwa jukumu gani?

Kisa chenyewe kimetokana na riwaya ya Stefanie Zweig iliyotolewa mwaka 1995 na kujengwa juu ya maisha yake. Walter Redlich, wakili aliyenyimwa kazi na utawala wa Hitler, anasimamia shamba la mlowezi huko Rongai, karibu na Nakuru. Mwaka 1938 mkewe Jettel na binti yao Regina wanamfuata. Owuor, mpishi, ndiye anayemuuguza Walter anaposhikwa na malaria, na ndiye mlezi wa Regina katika lugha.

Yafaa kukiri kwamba Link amefaulu kumsawiri Owuor, akisaidiwa na uigizaji wa Sidede Onyulo. Kiswahili cha mhusika huyu si cha kuitikia amri tu. Kwacho anatania, anafariji na hata anakataa kazi ambayo haoni kuwa ni ya mpishi. Jettel, ambaye mwanzoni hataki kujifunza lugha hiyo, anabaki mgeni. Regina anaipokea na kupata kwao. Hivyo ujuzi wa Kiswahili unafanywa kipimo cha utu.

Lakini ukarimu huo una mpaka. Nafsi inayosimulia ni ya Regina, na inasimulia kwa Kijerumani. Owuor anatenda na kusema, ila hasimulii. Jina lake la Kijaluo linatuelekeza Nyanza. Naye pia, basi, ametoka kwao, na Kiswahili si lugha ya mama yake. Rongai wanakutana wageni wa aina mbili kwa lugha ya tatu. Filamu inaeleza kwa kina kilichowafukuza Redlich. Kilichomtoa Owuor kwao hakiulizwi.

Historia ya Bonde la Ufa ina jibu. Kwa mkataba wa 1904, Wamaasai waliondolewa katika sehemu hizi ili kuwapisha walowezi. Sheria ya 1918 ikawalazimu maskwota kumfanyia mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Shamba ambalo kwa Walter ni kimbilio lilikuwa limekwisha kuwa chanzo cha uhamisho wa wengine. Hatumlaumu Walter, aliyekuwa mwajiriwa asiye na chake. Tunaihoji kamera, ambayo inapoitazama nchi pana huiona mandhari na kutoiona milki. Kulingana na anwani yake, filamu hii inatokea "pasipo popote" Afrika. Ilhali Rongai ni mahali, na wakaazi wa Nakuru walioziona ghasia za 1992 na 2008 wanajua gharama ya swali la nani mwenyeji na nani mgeni.

Inafaa kuilinganisha na Nairobi Half Life (2012) ya David Gitonga, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Wajerumani. Humo kijana atokaye mashambani ndiye mhimili wa kisa, na Kiswahili pamoja na Sheng vinabeba mgogoro wenyewe. Ulinganishi huu unaonyesha kwamba kasoro tuliyoijadili haitokani na fedha za kigeni peke yake, bali na nafasi anayopewa mhusika katika usimulizi. Kwa sababu hiyo, anayefundisha filamu ya Link katika vyuo vyetu asiishie kuhesabu sentensi za Kiswahili zilizomo. Awaulize wanafunzi Owuor angeanzia wapi kama kisa kingekuwa chake.