Insafu Juu ya Mnazi

Malumbano ya ndugu wawili wanaogombea mnazi mmoja, katika diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki (1973), yamezoeleka kusomwa kuwa ni fumbo la siasa basi: aliye juu ya mti ni mtawala, aliye chini ni raia aliyedhulumiwa. Usomaji huo una haki yake, kwani mshairi alitunga akiwa kifungoni, baina ya 1969 na 1972, kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? Lakini unamsahau mtoto wa Mombasa, ndugu yake Sheikh Abdilahi Nassir, aliyekulia karibu na elimu ya dini. Na kwa kumsahau yeye, unaikosa nguvu kubwa ya "Mnazi: Vuta N'kuvute".

Nguvu hiyo ni insafu. Mfungwa angeweza kumpa mpinzani wake ulimi mzito na hoja za kitoto, na nani angemlaumu? Hakufanya hivyo. Aliye juu anapewa zamu yake ya kujitetea, na msomaji analazimika kushika mizani mwenyewe. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, waumini wameamrishwa kusimamia uadilifu ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Amri hiyo twapenda kuwaelekezea wakubwa. Shairi linaianzia kwa yule anayelalamika. Wala mnazi si mfano uliookotwa njiani. Sisi wa visiwani twajua kuwa mtu aweza kumiliki mti uliomo katika ardhi ya mwenziwe, na kesi za namna hiyo haziishi.

Hata hivyo, ninalo la kuuliza. Mali wanayogombea ndugu kwa kawaida ni mirathi, na aya ya 11 ya Sura hiyohiyo imemtajia binti fungu lake. Ikiwa mnazi ni nchi, mbona dada yao hasikiki? Na mkwezi wa ujira, apandaye kila siku mti asioumiliki, yuko wapi? Yamkini malumbano ya watu wawili hayawezi kubeba zaidi ya hayo. Lakini kila nilisomapo shairi hili hujikuta nikiisubiri sauti ya tatu, ya mwanamke aliyeinama ufukweni, akifukua makumbi ya mnazi huohuo apate kusokota kamba.