KUSADIKIKA: KITABU CHA MTU ALIYESHTAKIWA KWA KUFUNDISHA SHERIA

Wako watu wanaokisoma kitabu cha Kusadikika kama hadithi ya kuwafurahisha watoto jioni, kwa sababu nchi inayosimuliwa humo iko angani, wala hapana ramani iionyeshayo. Sisi hatuoni hivyo. Bwana Shaaban Robert alikitoa kitabu hiki mwaka 1951, Tanganyika ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza, naye mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali hiyo. Mtumishi wa namna hiyo akitaka kusema juu ya dhuluma, hana budi kuitafutia makao ya mbali. Basi akaipandisha angani, ili watu wa chini waitazame bila hofu.

Habari zenyewe ni hizi. Karama ashtakiwa mbele ya mfalme, na mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Kosa lake si wizi wala uuaji, bali kuwafundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kwenda kuitafutia nchi yao mambo mema: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alisafiri kwa taabu, akarudi na mashauri ya kufaa, na malipo yake yakawa kifungo. Mwisho moyo wa mfalme wageuka: Karama aachiliwa, na wajumbe watolewa gerezani.

Sifa kubwa ya kitabu hiki ni kwamba mwandishi ameuona mzizi wa jambo. Wajumbe wale hawakupotea kwa kukosa ushujaa wala ukweli. Walipotea kwa sababu katika nchi yao hapakuwa na kanuni ya kumlazimisha mkubwa amsikilize mtu kabla ya kumfunga. Sisi Wakristo jambo hili si geni kwetu. Katika Injili ya Yohana, Nikodemo aliwauliza wakubwa wenzake kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia. Na Mtume Paulo, walipomfunga ili wampige mijeledi, alimwuliza akida kama ni halali kumpiga Mrumi asiyehukumiwa bado, na mara wale waliotaka kumpiga wakamwacha. Paulo alikuwa mtu wa sala, lakini siku ile aliijua sheria pia, akaitumia.

Tena shtaka la Karama halikuwa mbali na mambo ya nchi. Sheria ya mahakama za wenyeji ya mwaka 1929 haikuwaruhusu mawakili kusimama katika mahakama hizo. Wako waliosema kwamba katazo hilo lilimfaa maskini, kwa maana tajiri angemwajiri wakili na maskini asingeweza. Neno hilo lina kweli ndani yake. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mtu wa kijijini alisimama peke yake mbele ya mwenye amri, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia haki yake ni ipi. Basi twastaajabu kuona ya kuwa miaka kumi tu baada ya kitabu kutoka, chuo kikuu cha kwanza cha nchi kilipofunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Lile lililokuwa kosa la Karama likawa somo la kwanza la taifa.

Pamoja na sifa hizo, twaona upungufu, na si haki kuuficha kwa kuwa twampenda mwandishi. Katika Kusadikika wokovu watoka katika moyo wa mfalme. Mfalme amesikia, amelainika, amesamehe. Lakini msamaha si haki. Aliyesamehewa leo aweza kufungwa kesho, maana hapana neno lililoandikwa juu ya kiti cha mfalme la kumzuia yeye mwenyewe. Je, mfalme huyu akifa, na wa pili akawa na masikio mazito, Karama atasimama juu ya nini? Kitabu hakijibu. Wazee wetu walisema, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Methali ni njema, ila nayo pia yawaomba wenye nguvu tu. Haimwambii mnyonge afanye nini wasipompa.

Jibu tumelipata baadaye, tena si angani bali katika Mkoa wa Kagera. Mwanamke mmoja mzee alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaliuza. Mtu wa ukoo wake akamshtaki, akisema kwamba kwa mila mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ilimpa ushindi yule mshtaki. Shauri likapanda hata Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo yapingana na haki za watu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984, kwa hiyo mwanamke ana uwezo wa kuuza kama mwanamume. Angalieni tofauti yake na hadithi yetu. Jaji hakumhurumia tu yule mama. Alifungua Katiba akasoma. Naye jaji mwingine akija baada yake, maneno ya Katiba yangalipo pale pale.

Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilisema wazi kwamba mila yenye kumnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi ni batili. Walakini tusifurahi kupita kiasi. Wajane wawili wa Shinyanga waliomba mahakama iziondoe kanuni za mila za urithi zinazowabagua, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba ubaguzi upo, ila haikuzifuta kanuni hizo. Basi hata Katiba yahitaji mtu wa kuisoma kwa ujasiri.

Yahitaji pia watu wanaoielewa. Kwa miaka mingi sheria zetu ziliandikwa kwa Kiingereza, na mkulima alihukumiwa kwa maneno asiyoweza kuyasoma. Mwaka 2017 ilitungwa sheria ya msaada wa kisheria, inayowatambua wasaidizi wa kisheria ili wawafae wasio na fedha. Na mwaka 2021 Bunge likapitisha kwamba Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama. Karama angalifurahi kuyaona hayo. Lakini sheria iliyo katika kabati la ofisi, hata ikiwa ya Kiswahili kizuri, haimwokoi mjane anayeondolewa shambani asubuhi ya leo.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu wakisome tena Kusadikika, wala si kwa kicheko tu. Walimu wakisome pamoja na wanafunzi wa madarasa ya juu, kisha wawaulize swali lile ambalo kitabu hakikulijibu: mfalme akikataa kusikia, itakuwaje? Na wazee wa vijiji wanapoketi barazani kwa shauri la shamba au urithi, wamwombe mtu ajuaye kusoma awasomee kwanza sheria inasemaje, ndipo waseme wao. Karama alishtakiwa kwa kazi hiyo. Sisi hatushtakiwi na mtu kwa kuifanya. Basi tukiiacha, tutamlaumu nani?